Shavu la Kushoto la Bi. Siwema

Iko nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi, na msomaji mwenye adabu hatanikumbusha. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina Mlezi Mkuu ambaye tangu ashike madaraka hajakosea hata mara moja. Wenye roho mbaya husema hajakosea kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kumsahihisha. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasimulia tu.

Mwaka mmoja Mlezi Mkuu aliamka asubuhi akakumbuka kwamba nchi imewasahau waasisi wa tiba. Kabla hajamaliza chai, amri ilikuwa imeshatoka: zitengenezwe sarafu za dhahabu tupu za aina sita, kila aina na sura ya mwasisi mmoja, zizinduliwe Siku ya Afya mbele ya wageni. Hospitali ya Taifa wakati huo haikuwa na pamba. Mheshimiwa Ndaro, Waziri wa Sarafu na Kumbukumbu, alilieleza jambo hilo vizuri kwenye mkutano uliorushwa redioni. "Pamba huisha," alisema. "Dhahabu hubaki." Waliokuwa ukumbini walipiga makofi mpaka viganja vikawauma, na dawa ya viganja nayo haikuwepo.

Kamati ya kuwatafuta waasisi haikupata shida. Sarafu ya kwanza ilikuwa ya Mlezi Mkuu mwenyewe, ambaye akiwa na miaka minne alimeza dawa ya malaria bila kulia. Ya pili ilikuwa ya Mama Mlezi, aliyekata utepe wa hospitali tatu, mojawapo ikiwa imejengwa. Ya tatu alipewa Waziri wa Afya, mwanzilishi wa matibabu ya ng'ambo, mtu aliyejitolea kutibiwa katika nchi saba ili wananchi wasisumbuke kwenda. Ya nne ilikuwa ya mkandarasi wa ukuta wa hospitali. Ya tano ilikwenda kwa marehemu baba mkwe wa Mheshimiwa Ndaro, aliyeugua kila ugonjwa ulio kwenye orodha ya wizara na kwa njia hiyo akausukuma mbele utafiti.

Ilipofika ya sita, mjumbe mmoja mgeni kwenye kamati aliuliza kama haingefaa apatikane pia mtu aliyewahi kumtibu mtu. Wenzake wakatazamana. Katika kikao kilichofuata kiti chake kilikuwa kitupu, ila wazo lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari haufutwi. Mchoraji akatumwa Hospitali ya Taifa akatafute sura.

*

Kwenye foleni ya meno, namba mia mbili na kumi na mbili, alikuwa ameketi Bi. Siwema binti Kombo, mkunga wa Zahanati ya Mtakuja. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini na tisa alikuwa amezalisha karibu kila mtu wa Mtakuja anayetembea leo. Gego lake la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Shavu lilikuwa limefura kama andazi lililozidishiwa hamira, na alikuwa amelifunga kwa kitambaa cheupe kilichopita chini ya kidevu na kupigwa fundo utosini, kama wafanyavyo wote wenye jino. Alivaa sare yake ya kazi, maana aliijua dunia: mwenye sare hupangwa foleni fupi. Hiyo ndiyo ilikuwa foleni fupi.

Huko kwao alikuwa na koleo la meno, na kwa koleo hilo aling'oa nusu ya magego ya Mtakuja. Lakini kinyozi hajinyoi. Zahanati nzima ilikuwa na watu wawili, yeye na mfagiaji, na mfagiaji alipoonyeshwa koleo alikwenda kufagia nje kwa siku mbili.

Jambo moja tu lilimkera Bi. Siwema kuliko jino. Zaituni, mke wa fundi baiskeli, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto alikuwa amekaa vibaya, miguu chini na kichwa juu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Siku ile uchungu ulipomwanza Zaituni, Bi. Siwema alikuwa ameitwa wilayani, kwenye semina ya kujifunza kujaza fomu za watoto waliozaliwa hai. Mtoto wa Zaituni hakuhitaji fomu. Bi. Siwema hakuwahi kujisamehe kwa semina ile, na safari hii alipoondoka alimshika Zaituni mikono yote miwili.

"Naenda kung'oa jino, mwanangu," alimwambia. "Siku tatu. Nikirudi sitoki tena mpaka ujifungue."

Mchoraji alisimama mbele yake na karatasi. Bi. Siwema akadhani ni karani wa majina.

"Wewe ni mtu wa tiba, Bibi?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

Akaombwa ageuke kidogo kulia, akageuka. Jioni hiyo mchoro ulikuwa mezani kwa Mlezi Mkuu. Aliutazama kwa muda mrefu, akiwa amekunja mikono.

"Huyu ameshiba," alisema mwishowe. "Tazameni shavu hilo. Hii ndiyo afya niliyowaahidi. Na kilemba chake ni cha heshima." Akaweka sahihi. Kesho yake asubuhi kalibu ya chuma ilikuwa imechongwa, na sarafu zikaanza kudondoka kwenye kapu, kila moja na shavu lake.

*

Foleni ilimfikia Bi. Siwema siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Daktari wa meno, mama mmoja mchovu mwenye mikono mizuri, alimwambia ana bahati, ganzi imebaki ya mtu mmoja. Akamchoma. Wakasubiri ishike. Daktari akainua koleo, na mlango ukafunguliwa na wanaume wawili wenye suti, wakimtanguliza wa tatu, mwembamba, aliyeshika bikari ya kuchorea duara.

"Koleo chini," alisema yule mwembamba kwa upole. "Hilo shavu ni la Serikali."

Huyo ndiye Bwana Shomvi, Mkurugenzi wa Idara ya Ulinganifu wa Sura. Alikuwa mtu mwenye adabu sana, na katika yote nitakayoyasimulia hakuna mahali alipopandisha sauti.

"Mimi nang'oa jino," daktari alisema.

"Kifungu cha kumi na moja cha Sheria ya Sarafu. Ni kosa kukwangua, kukunja, kutoboa au kupunguza sura iliyo kwenye sarafu ya nchi."

"Sarafu iko wapi hapa?"

Bwana Shomvi akatoa sarafu mfukoni, akaiweka karibu na uso wa Bi. Siwema. Kitambaa kilikuwa kile, pua ile, shavu lile.

"Sura hii imetoka wapi, Daktari?"

"Hapo kitini."

"Basi," alisema Bwana Shomvi.

Bi. Siwema alitaka kusema mengi, lakini ganzi ilikuwa imeshaushika mdomo wote. Sauti aliyoitoa iliandikwa kwenye taarifa kuwa ni kukubali.

*

Akapelekwa Nyumba ya Sura, jumba la wageni lenye zulia jekundu na bustani inayomwagiliwa hata mvua ikinyesha. Kitanda chake kilikuwa kipana kuliko chumba chake cha Mtakuja. Alipewa pilau ya nyama, maandazi ya iliki, korosho za kukaanga, na hakuna hata kimoja alichoweza kutafuna. Alikunywa mchuzi. Karafuu za kwenye pilau alizichagua moja moja, akazifunga kwenye kipande cha leso, akawa anaweka moja juu ya jino kila maumivu yalipomzidi.

Dawa ya kukausha usaha alikatazwa, kwa kuwa usaha ukikauka shavu hunywea. Maji ya chumvi alikatazwa kwa sababu hiyo hiyo. Simu yake ilichukuliwa, isije ikamkandamiza sura. Kila asubuhi saa mbili kamili Bwana Shomvi aliingia na bikari yake, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Akalipima shavu kutoka ncha ya pua hadi kwenye ndewe, akalipima tena kutoka jicho hadi kidevu, akaandika, akatabasamu. "Hatujapoteza hata nywele," alikuwa akisema.

Huko mjini, wake wa wakubwa waliosikia habari za kilemba cha heshima walikuwa wameanza kujifunga vitambaa vya hariri kidevuni. Fundi mmoja aliuza mpaka foronya.

Siku ya sita Bi. Siwema alimshika Bwana Shomvi mkono. Maumivu yalikuwa yameanza kushuka kutoka tayani kuelekea shingoni, na yeye aliijua njia hiyo. Alikwisha kumwona mwanamume mzima, mpasua mbao wa Mtakuja, akifa kwa jino: shingo ilijaa, pumzi ikakosa pa kupita, siku mbili tu.

"Mwanangu," alisema, "usaha huu ukifika kooni nitakufa."

Bwana Shomvi aliifikiria hoja hiyo kwa haki. "Ukifariki, Bibi, Mungu apishe mbali, sura yako haitabadilika tena. Kiidara hilo si tatizo."

Alikuwa akimfariji. Bi. Siwema aliuachia mkono wake, na hapo ndipo hofu ilipomwingia kwelikweli, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumwomba akawa mwema siku moja, lakini huyu alikuwa mwema tayari.

Aliandika barua kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika kuuliza kama itajibiwa. Akajibiwa kwamba barua yake ya pili nayo imepokelewa, na kwamba Serikali inampongeza kwa mwandiko.

*

Mlangoni pake alilinda Koplo Mashaka, askari wa makamo mwenye vidole vinene, mtoto wa fundi seremala. Alikuwa na karatasi ya maagizo aliyoisoma kila asubuhi kwa midomo, asije akaacha neno. Siku ya nane Bi. Siwema alimwomba simu.

"Imekatazwa, Bibi. Itakandamiza shavu."

"Shavu gani?"

Koplo akaifunua karatasi. "La kushoto."

"Mimi nasikilizia sikio la kulia."

Koplo alisoma tena, akageuza upande wa nyuma, akakuta hakuna kitu. Akampa simu yake mwenyewe.

"Bibi?" Sauti ya Zaituni ilikuwa ndogo. "Uko wapi? Ulisema siku tatu."

"Niko njiani, mwanangu. Mtoto anacheza?"

"Anacheza. Kichwa nakisikia hapa juu, chini ya mbavu, kama ile mara ya kwanza. Bibi, mimi naogopa."

"Usiogope. Niko njiani."

Akairudisha simu, akakaa kitandani akalia. Katika miaka yote ya kazi alikuwa hajamdanganya mwanamke mwenye mimba, na leo amemdanganya huyu, tena mara mbili. Koplo Mashaka alisimama akitazama viatu vyake.

"Bibi, hilo jino likitoka, utapona?"

"Nitapona."

"Nimeagizwa kulinda uso," Koplo alisema polepole. "Kinywa sikuagizwa. Uso ni nje. Kinywa ni ndani."

Vifaa havikuwa mbali. Ukumbini, hatua ishirini kutoka chumbani, yalikuwa yameandaliwa Maonyesho ya Waasisi wa Tiba. Mkoba wa kazi aliokuja nao Bi. Siwema ulifungiwa ndani ya kabati la kioo lenye maandishi "Zana za Kale", ingawa wiki iliyotangulia alikuwa akizitumia. Koleo la meno lililala hapo kati ya kibakuli chake cha chuma na pembe yake ya kusikilizia mtoto tumboni. Ufunguo alikuwa nao Koplo.

Wakangoja saa nne, wakati maofisa wote huenda bustanini kufanya mazoezi ya wimbo wa taifa. Kwenye ubeti wa kwanza Bi. Siwema alichemsha koleo kwenye birika la chai. Kwenye ubeti wa tatu alitafuna karafuu zote zilizobaki. Kwenye ubeti wa nne aliketi sakafuni, akakibana kichwa kwenye magoti ya Koplo.

"Baba yako alikufundisha kung'oa msumari uliopinda?"

"Alinifundisha. Hauvuti moja kwa moja. Unautikisa kwanza."

"Basi tikisa. Hata nikikupiga, usiache."

Alimpiga. Koplo hakuacha. Kwenye ubeti wa tisa, ule unaomshukuru Mlezi Mkuu kwa mvua, Bi. Siwema alipiga kelele ambayo bustanini ilidhaniwa ni mwanamke fulani aliyeguswa sana na wimbo. Jino likatoka na mizizi yake miwili na usaha mwingi nyuma yake. Alitema, akasukutua kwa maji ya chumvi, akatema tena, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akavuta pumzi ndefu bila kuuma meno.

*

Siku ya tatu baada ya hapo Bwana Shomvi alipima mara nne.

"Bibi," alisema, "umepungua."

Alasiri hiyo Kamati iliketi, na Bi. Siwema akawekwa katikati ya meza, kwenye kiti cha kuzunguka, ili kila mjumbe alione tatizo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya Siku ya Afya. Jino lenyewe lililetwa kwenye sahani kama kielelezo. Koplo Mashaka aliulizwa, akajibu kwamba uso haukuguswa hata kidogo, na karatasi ya maagizo ilipokaguliwa ilionekana amesema kweli. Karatasi ikakaripiwa.

Mjumbe mmoja alishauri waletwe nyuki. Mwingine alisema nyuki hawana nidhamu, wanaweza kuuma shavu la kulia. Yeye alipendekeza Bibi apewe halua asubuhi na jioni mpaka jino jingine lioze. Ikakadiriwa kwamba hilo lingechukua miaka miwili. Wa tatu, kijana msomi, akauliza kama isingekuwa rahisi kubadilisha sarafu.

Mheshimiwa Ndaro alivua miwani.

"Mlezi Mkuu aliliona shavu," alisema. "Kama shavu halipo, yeye aliona nini?"

Kijana msomi aliomba radhi, akaomba na ruhusa ya kutoka kwenda kunywa maji. Sijapata habari zake tena.

Ni Bwana Shomvi aliyetatua. Alikuwa ameishika sarafu, akiilinganisha na uso, huku na huko, kwa huzuni ya mtu anayeipenda kazi yake. Sarafu zilikuwa kubwa, za kujaa kiganja cha mtoto, na nene. Ghafla mkono wake ukasimama.

"Bibi, samahani. Fungua kinywa."

Akaichomeka kati ya ufizi na shavu, pale pale lilipokuwa jino. Akapima. Akapima tena. Machozi yakamlengalenga. "Ulinganifu kamili," alisema.

Amri ikaandikwa papo hapo: mwasisi wa sita ataishika sarafu shavuni kila awapo mbele ya wananchi wawili au zaidi, na katika kila jengo la umma, maisha yake yote. Mheshimiwa Ndaro akamuuliza kama ana la kusema.

Bi. Siwema aliitoa sarafu. Ilikuwa na ladha ya shilingi ya zamani na ya mkono wa Bwana Shomvi. Aliwatazama wote waliomzunguka, akahesabu siku za Zaituni moyoni. Alikuwa na hasira ya kutosha kuitupa dirishani, na alijua kwamba akiitupa, atazeekea kwenye kitanda kile kipana.

"Nitaivaa," alisema. "Lakini nikaivalie kwetu."

Wakakubali, kwa kuwa nyumba ilikuwa inahitajika kwa wageni. Baada ya sherehe angerudi Mtakuja na mkoba wake, na Koplo Mashaka angefuatana naye kama Mkaguzi wa Ulinganifu, na daftari la kuandika kila atakachokiona.

*

Siku ya Afya ukumbi ulijaa. Wageni walipewa vitabu vidogo vyenye picha za sarafu na maelezo ya mchango wa kila mwasisi. Mkandarasi wa ukuta alilia jukwaani. Waziri wa Afya alituma salamu kutoka kitanda cha hospitali, nchi ya nane. Bi. Siwema aliketishwa ubavu, upande wa kushoto ukiwaelekea watu, na taa maalumu ikamulika shavu.

"Na sasa," alisema Mheshimiwa Ndaro, "mama yetu huyu atatoa neno kwa taifa."

Akasukumiwa kipaza sauti. Neno alikuwa nalo. Alikuwa amelala nalo wiki mbili: alitaka kusema kwamba Zahanati ya Mtakuja haina glovu, haina pamba, haina taa ya kuzalishia, na kwamba dhahabu ya sarafu moja ingetosha vyote. Lakini ulimi ulikuwa umebanwa upande, mate yamejaa, na mlangoni gari lilikuwa linanguruma, limeelekea Mtakuja. Akisema, asingepanda. Akafunga mdomo, na aibu ikamchoma kuliko jino lilivyomchoma.

Kimya kilipozidi, Mheshimiwa Ndaro aliinua mikono miwili.

"Mnauona unyenyekevu?" alisema. "Mtaalamu wa kweli hasemi."

Watu wakasimama wakapiga makofi.

*

Walifika Mtakuja kesho yake mchana. Mfagiaji alikuwa barabarani akiwapungia kwa ufagio. Zaituni alikuwa kwenye kitanda cha zahanati tangu alfajiri, uchungu umepamba moto, na mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umeshaonekana. Nje walikaa mama mkwe, mawifi wawili na fundi baiskeli.

Bi. Siwema alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mfagiaji akimmiminia maji. Koplo Mashaka alimfuata mpaka mlangoni, akasimama akiugeukia ukuta kama adabu inavyotaka, na daftari mkononi.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "hili ni jengo la umma. Na wananchi humo ndani, na mfagiaji akihesabiwa, ni wawili."

Sarafu ilibaki shavuni. Bi. Siwema akapiga magoti. Mtoto alikuwa anakuja kwa miguu, na njia haijafunguka sawasawa. Mama akisukuma sasa, mwili utatoka na kichwa kitabaki. Ndivyo alivyopotea yule wa kwanza. Kilichohitajika ni maneno mawili tu.

"Uhihukume," alisema Bi. Siwema.

"Nini, Bibi?"

"Uhihukume. Bah-ho."

Zaituni alimtazama kwa macho yaliyojaa hofu. Alilijua shavu hilo, lakini sauti hakuijua. Uchungu mwingine ukaja, akakaza meno, akavuta pumzi ya kusukuma.

Bi. Siwema alitema. Sarafu iliangukia kwenye kibakuli cha chuma kando ya wembe, ikalia mlio uliosikika mpaka uani.

"Usisukume, mwanangu," alisema. "Bado. Nitazame mimi. Hema kama unapuliza jiko. Hivyo. Hivyo hivyo. Mimi nipo."

Zaituni akahema. Walihema pamoja kwa muda mrefu, na Bi. Siwema hakuacha kusema, sauti yake ile ile ambayo Mtakuja nzima ilizaliwa ikiisikia. Kisha akasema, "Sasa," na baadaye kidogo akasema, "Sasa kwa nguvu zako zote." Mtoto akatoka miguu, kiuno, mabega, na mwisho kichwa. Alikuwa wa buluu, kimya. Bi. Siwema akamfuta kinywa kwa kidole, akampulizia, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Mtoto alikohoa, akalia.

"Mtoto gani?" mama mkwe aliuliza kutoka nje.

"Wa kike," alijibu Bi. Siwema, na alifurahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo.

Koplo Mashaka alikuwa bado anautazama ukuta. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa.

"Bibi," alisema, "ni lazima niandike kitu. Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Koplo alilamba ncha ya kalamu, akaandika kwa herufi za kutulia: Saa nane mchana. Nimeona ukuta. Taarifa ilifika kwa Bwana Shomvi, akaisoma mara mbili, akaipiga muhuri, akaihifadhi kwenye jalada la mkandarasi wa ukuta, ambako ipo mpaka leo.

Bi. Siwema hajasamehewa wala hajashitakiwa. Sheria ni ile ile na daftari linaendelea. Glovu hazijaja. Sarafu hukaa kwenye kibakuli dirishani, mahali Zaituni apitapo kila siku na mwanawe mgongoni kuchota maji, na kutoka hapo barabara ya wilayani huonekana yote. Gari la Serikali likitokea kwenye kona, Zaituni husema tu, "Bibi, shavu," na Bi. Siwema huacha anachofanya, akaiosha sarafu kwa sabuni, akaichomeka mahali pake. Wanawake wa Mtakuja wakiliona shavu limefura, hujua nani amekuja, na wao pia hunyamaza.

Nami ningeendelea kidogo, yako mengine. Ila hapa nilipokaa naona vumbi linatimka kule kwenye kona.